Magesa Watano Ndani ya Boksi Moja

Jumatatu, 9 Juni 2025

Vita imetangazwa. Asubuhi, kabla hata ya chai! Ghati, mke wangu wa ujanani na wa uzeeni, kasema Jumamosi vifaranga wake mia wanafika na anataka chumba cha mbele. Chumba changu! Chenye dirisha la barabarani, ambamo mtaa mzima wa Mwisenge hunionaga nimekaa mbele ya kompyuta wakadhani nafanya kazi.

Nikamwambia kile si chumba, ni ofisi. Akauliza ofisi ya nini. Uchokozi mtupu. Kompyuta yenyewe niliipata mnadani, siku ofisi fulani hapa mjini ilipokuwa inaondoa samani zake za zamani. Nilikwenda kununua kiti, kiti kikaja na kompyuta. Toka siku hiyo nacheza nayo karata. Inanifunga. Ghati hilo analijua na kanisani kalisema.

Hukumu yake: mpaka Ijumaa jioni, asipotokea hata mtu mmoja mwenye haja na hiyo ofisi, vifaranga wanaingia. Mimi na mtambo wangu tunahamia stoo, kwenye magunia ya muhogo. Stoo haina dirisha! Mzee wa umri wangu atazame nini, panya?

Nilitoka nimenuna mpaka kwa Yusto. Huyu ni jirani wa ng'ambo ya barabara. Ana duka la kuchapa na kutoa kopi, linalotazamana na dirisha langu. Ana kompyuta tatu, kipara kimoja, na dharau za kutosha kata nzima. Huko ndiko nikakuta habari. Dafroza, mwenyekiti wa akina mama wanaokausha dagaa kule Mugango, anatafuta mahali pa kikundi chake kujifunzia kompyuta. Mwalimu wanaye. Wanachotaka ni kompyuta tano zilizounganishwa, zinazoweza kutumiana maneno zenyewe kwa zenyewe. Ijumaa anapita kukagua. Yusto kashaanza kutembea kwa mikono nyuma kama mkuu wa chuo: tatu anazo, mbili ataazima kwa shemeji yake.

Nikasema aje akague na kwangu. Yusto akacheka mpaka akashikilia mashine ya kopi. Akauliza, eti mzee wangu, kompyuta moja na kiti ndiyo tano?

Nilirudi nimevimba. Ndipo simu ikaniletea muujiza. Kijana mmoja kwenye video anaonyesha namna ya kuweka kompyuta ndani ya kompyuta. Si picha! Kompyuta kamili, inawaka, inazima, ina jina lake, imo ndani ya nyingine kama ndama. Na unaweza kuweka kadhaa! Na unazifungia mtandao humo humo ndani, zikasalimiana! Programu yenyewe ya bure. Jina lake la Kizungu ni refu, linakata pumzi. Mimi naziita kompyuta za tumboni.

Boksi moja, tumbo moja, tano ndani. Yusto, shikilia vizuri hiyo mashine ya kopi.

Jumanne, 10 Juni

Nimezaa!

Kazi ya asubuhi nzima. Programu ni nzito kuivuta, na bando langu ni la mtu mmoja mwenye shida. Nikatumia intaneti ya Yusto. Neno la siri ninalo toka Pasaka, ni jina la mkewe, mtu hana ubunifu kabisa. Duka lake likawa linatambaa. Nilimsikia kwa dirishani anawafokea wateja kwamba wanafungua vitu vikubwa kwenye simu zao. Wakajitetea kwa viapo. Niliwaonea huruma, lakini si sana.

Saa ya chakula ikawaka. Nilimwita Ghati aone. Kwenye kioo changu pana dirisha, ndani ya dirisha pana kompyuta nyingine, changa, inajifikiria. Inauliza jina! Nikaipa la marehemu baba yangu: Magesa. Mtoto wa kwanza utamwitaje tena? Hata mwanangu wa kwanza ni Magesa. Ghati akatazama, akauliza kama hiyo ya ndani inaweza kufagia.

Sasa nikakwama. Programu inauliza nimpe mtoto memori kiasi gani. Memori ni chakula cha kompyuta, na boksi langu lina vipande nane tu. Nimpe ngapi? Na hao wanne wengine nawapataje?

Anayejua yupo. Jenipher, mke wa mwanangu Magesa, anafundisha kompyuta sekondari huko Bunda. Lakini ni mkwe! Kwetu mimi na mkwe hatukai chumba kimoja, hatupeani mkono, hatuulizani maswali. Tukikutana njiani Bunda mjini, mmoja wetu lazima akumbuke kitu dukani. Mwanangu naye hawezi kusaidia. Huyo hata redio anaizima kwa kuchomoa waya. Kwa hiyo simu anapiga Ghati. Mimi nasimama pembeni nanong'ona, Ghati anapaza sauti, Jenipher anajibu huko, Ghati ananifikishia. Kuweka spika ni mwiko, itakuwa kama tumekaa wote.

Majibu yakaja kwa mpigo mmoja. Jenipher anasema hongera Baba. Anasema wanne wengine uwatoe kopi kwa huyo wa kwanza. Anasema ukishatoa kopi wasibaki na jina moja na anwani moja. Anasema usiwagawie watoto memori yote, mama yao abaki na cha kumtosha. Anasema wasifunguliwe wote kwa pamoja kabla ya kuwajaribu wawili wawili. Anasema uache kuvuta kiko chumbani. Anasema ndoo ya kuogea uirudishe ulikoitoa.

Hapo ndipo pagumu. Jenipher yuko Bunda, habari ya ndoo kaijuaje? Maana yake humo kuna maneno ya Jenipher na maneno ya Ghati, yamechanganywa kama mchele na mawe. Nikakaa kuyachambua. Kanuni yangu ni nyepesi: neno la kunijenga ni la Jenipher, neno la kuniudhi ni la Ghati.

Hongera: Jenipher. Kutoa kopi: Jenipher, mtoto ana akili. Mama abaki na cha kumtosha: Ghati! Wimbo wake huo toka tuoane. Wasiwe na jina moja: Ghati tena, hakuelewanaga na marehemu baba. Kuwajaribu wawili wawili: Ghati, anataka kunichelewesha Ijumaa ifike. Kiko na ndoo sina haja ya kueleza.

Nimegawa kwa haki. Kila mtoto kipande kimoja na nusu. Kikabaki nusu, nimemwachia mama, yaani boksi lenyewe, asiseme nimemnyima.

Jumatano, 11 Juni

Nimegundua udhaifu. Kompyuta zangu ni tano lakini kioo ni kimoja. Akina mama wa Mugango wamezoea kuona dagaa wakiwa wametandazwa. Ukiwaambia wako tumboni watakudai uwatoe. Wanataka vioo vitano mezani.

Nikaenda Butiama kwa shemeji yangu Mugeta, kaka yake Ghati, ambaye hajawahi kutupa kitu toka azaliwe. Ghalani kwake nilikuta vioo vitatu vya kompyuta, vyote vimekufa, na televisheni moja ya zamani yenye mgongo kama ngiri. Mugeta akauliza vya nini. Nikasema vya maendeleo. Akasema basi chukua na pasi hii, nayo haifanyi kazi. Nikaichukua.

Kurudi, mchomoko, ile teksi ya kugombania abiria, ulikuwa umejaa, nikakaa nimempakata ngiri mapajani. Mama aliyekaa kando yangu akaniuliza nikifika Musoma naanza kuangalia chaneli gani. Gari lote likacheka. Nikawaambia chekeni leo, Jumatatu mtanipigia magoti niwafundishe.

Nashusha tu mzigo mlangoni, Yusto huyo, mikono nyuma. Akauliza kama nafungua makaburi ya vyombo vya umeme. Nikamwambia ndiyo, na shimo lako nimeshalipima. Akaingia kwake akicheka, ila nimemwona anachungulia.

Vioo vimepangwa mezani. Kila kimoja kina waya unaoingia nyuma ya boksi. Waya nne ni za kweli. Moja ni ya pasi.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya ushindi! Kopi zimetoka zote. Magesa, Magesa, Magesa, Magesa, Magesa. Ukoo! Kwetu nyumba ikiwa na Magesa watatu hakuna anayepotea. Ukiita Magesa njoo ule, wanakuja wote. Ukiita Magesa nani kavunja hiki, haji hata mmoja. Mtandao nao ukae hivyo hivyo, ujifunze mila.

Nikajaribu salamu. Kijana wa kwenye video anasema unaiambia kompyuta moja iite nyingine kwa anwani yake, ikijibu ujue zimeunganika. Nikafungua Magesa wa kwanza. Nikaandika amwite Magesa. Akajibu papo hapo! Kabla sijatoa kidole! Nikamfunga, nikafungua wa pili, akaita, akajibiwa papo hapo. Hata wenzake walikuwa wamezimwa, jamani, na bado wanaitika! Huo ndio mtandao wenye adabu. Watano wote nimewajaribu, mmoja mmoja, nisiichoshe mashine. Hakuna aliyekosa jibu.

Nilicheza kidogo pale chumbani. Nikamwomba Ghati ampigie Jenipher, ampe taarifa ya ushindi. Jibu likarudi: Jenipher anasema hapo anajijibu mwenyewe, ajaribu kwa wawili waliowaka.

Anajijibu mwenyewe! Hilo nalijua lilikotoka. Ghati hunisemaga hivyo hivyo kila nikisoma gazeti kwa sauti. Eti kampigia mtu Bunda kwa ajili ya kunitukana mimi sebuleni.

Jioni nilisogea kwa Yusto kumpa pole mapema. Alikuwa anahangaika na zile mbili za shemeji, moja haina herufi A. Nikamuuliza, hao akina mama majina yao wataandikaje, Dfroz? Akaniambia mzee nenda ukalale. Nimeenda nikiwa nimeshiba.

Ijumaa, 13 Juni

Andiko hili liwe fupi.

Hapana, nitaandika lote. Anayeandika shajara ya uongo anamdanganya nani, panya wa stoo?

Dafroza alifika na wenzake wawili. Mama mnene wa sauti, mwenye kicheko kinachofika kabla yake. Upepo wa ziwani ulikuwa mkali asubuhi hii, wote wamejifunga kanga mbili mbili. Yusto akaja nyuma yao bila kualikwa, kasema anapita tu. Anapita tu ndani ya nyumba yangu!

Nikawakaribisha. Nikaeleza kwa kituo: hizi kompyuta tano mnazoziona kwa ukweli wake zimo ndani ya boksi hili moja. Dafroza akasema Mzee, sasa hivi vioo vingine ni vya nini? Nikasema vya heshima. Akagusa ile televisheni. Mjusi akatoka mgongoni mwake, akawaangalia wageni, akarudi ndani. Mwenzake Dafroza akasema huyo naye yumo kwenye mtandao?

Nikafungua Magesa wa kwanza. Kompyuta ndani ya kompyuta inawaka mbele ya macho yao! Dafroza akavuta kiti. Nikafungua wa pili. Wakasogea. Dafroza akasema haya, huyu amwambie yule kwamba dagaa wamekauka. Nikaandika. Tukangoja. Yule wa pili kimya. Badala yake yakatokea maandishi madogo kwamba anwani hii inatumika tayari na mwingine. Nikaandika tena. Ujumbe ukamrudia huyo huyo aliyeutuma.

Dafroza akacheka mpaka kiti kikalia. Akasema Mzee Keraryo, hawa wanao mbona kila mmoja anaongea peke yake? Wamenuniana urithi? Yusto akadakia, eti wote wanaitwa Magesa, barua ya Magesa imfikie Magesa yupi. Nikamwambia Yusto anayepita tu huwa haongei.

Nikaona niwamalize kwa wingi. Nikafungua wa tatu, wa nne na wa tano kwa pamoja. Feni ikaanza kuvuma, ikavuma kama mashine ya kusaga mahindi. Mshale wa kipanya ukaenda hatua moja, ukapumzika. Kisha kioo kikatulia. Kimya. Hakuna kinachosogea. Nikasema inafikiri. Tukangoja. Nikasema inafikiri sana. Ghati akapita mlangoni na ufagio, akasema mama yao ana njaa, niliambiwa na nikakwambia. Akapita.

Sasa ni mama wa nani? Wageni wakamwangalia Ghati, wakaniangalia mimi.

Dafroza si mtu mbaya. Wakati tunangoja, aliweka viganja nyuma ya boksi, upepo unapotokea, akasema angalau Mzee una joto zuri hapa, kule Mugango leo tumeganda. Wenzake nao wakaweka viganja. Walikaa pale wakiota kama kwenye jiko, wakanisifia joto. Kisha wakashukuru kwa chai, wakavuka barabara kwa Yusto.

Wamemchagua Yusto. Na kompyuta isiyo na A.

Ghati aliingia na kamba ya kupimia, akapima ukuta wangu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeamka nihame. Nimebeba vioo vya Mugeta kimoja kimoja mpaka stoo, kichwa chini kama anayepeleka msiba. Ngiri alinielemea mlangoni, nikamkalisha kwenye kiti, juu ya kiboksi kidogo kilichokuwa pale. Kikalia kach! Nikachungulia. Ilikuwa balbu ya joto ya vifaranga.

Nikasogeza kile kiti ukutani, taratibu.

Mara honi ya bajaji. Vifaranga! Na aliyewaleta toka Bunda ni Jenipher mwenyewe, maana aliyewaagiza ni yeye. Mimi nimo chumba cha mbele, mlango ni mmoja, mkwe yuko barazani. Nikawa nimefungiwa na mila! Sitoki yeye akiwa pale, haingii mimi nikiwa humu. Ghati akaingiza maboksi ya vifaranga peke yake, anatweta, anasema nikishuka chini ya meza itakuwa vizuri zaidi.

Akatafuta balbu. Akaipata. Akanitazama, halafu akamtazama ngiri.

Akaleta jiko la mkaa. Mkaa ulikuwa na unyevu, chumba kikajaa moshi, vifaranga wakaanza kukohoa. Jiko likatolewa nje. Sasa upepo ule ule wa ziwani unaingia, vifaranga wamejikusanya kona moja, wanalia kwa sauti nyembamba, wengine wanapanda juu ya wengine. Walio chini wataminywa. Nilimwona Ghati kashika kimoja kiganjani, anakipulizia pumzi. Uso wake ulikuwa umebadilika. Amekusanya kwa ajili ya hao vifaranga toka mavuno. Nikaona aibu kidogo ya balbu. Kidogo.

Huku nje Jenipher kasimama chini ya dirisha langu, kanipa mgongo, anatazama duka la Yusto, anaongea na barabara. Mama, mwambie Baba awashe ile mashine. Ghati yuko kando yangu, ananigeukia: Jenipher anasema uwashe ile mashine. Nimemsikia! Lakini naruhusiwaje kuwa nimemsikia? Nikamwambia Ghati, mwambie nawasha. Ghati kwa dirishani: anasema anawasha. Jenipher kaiambia barabara: mwambie Baba kila mtoto ampe kipande kimoja tu, mama yao abaki na vitatu. Mwambie Baba kila mtoto apewe jina lake na anwani yake. Yusto kasimama mlangoni kwake anaitikia kwa kichwa, kama anayeambiwa ni yeye.

Nikabadilisha. Majina sikuona haja ya kuyapeleka mbali na ukoo. Magesa Mkubwa, Magesa wa Bunda, Magesa Mfupi, Magesa Kiko, Magesa Sitaki. Nikawafungua wote watano. Feni ikavuma. Kioo hakikutulia! Nikamwambia Mfupi amsalimie Sitaki. Sitaki akaitika! Mkubwa akamwita Kiko, Kiko akaitika! Watano wote wanaongea, kila mmoja na mwenzake, kama harusini. Nikapiga yowe. Nimeita Dafroza, nimeita Mugango nzima, hakuna aliyesikia isipokuwa Yusto, akafunga dirisha.

Mwambie Baba asizime, ikasema barabara. Na wewe Mama, sogeza boksi la vifaranga nyuma ya mashine.

Ningesema ni Ghati kajitungia, ila barabara nimeisikia mwenyewe, na Ghati alikuwa ameshasogeza. Kifaranga mmoja aliruka nje, mwenye doa kichwani, akakimbia mpaka pale Dafroza alipoweka viganja jana. Akakaa. Akafumba macho. Wenzake wakamfuata. Ghati akakunja maboksi mawili, akatengeneza njia ya hewa, joto likaenda kwa wote. Kilio kikaisha. Zikabaki zile sauti ndogo za kushiba.

Tulikaa mimi na Ghati, tunawaangalia. Kisha akasema mashine isihame. Nikauliza na mwenye mashine? Akasema mashine lazima iwe na mtu wa kuiangalia. Kiti kibaki dirishani.

Nimeshinda! Ofisi yangu imepata watu mia wenye haja nayo. Nilimwambia Ghati amshukuru Jenipher. Ghati kwa dirishani: Baba anasema asante. Mkwe akaiambia barabara kwamba Baba asijali.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani nilikaa mbele. Dafroza alikuwepo, kalala Musoma kwa dada yake. Baada ya ibada kaja kuangalia vifaranga, kacheka mpaka wale wa kona ya mbali wakaamka. Masomo yanabaki kwa Yusto, kasema, neno limeshatoka. Lakini wakati wa mapumziko kikundi chake chote kitakuwa kinavuka barabara kuja kuota joto kwangu. Yusto yupo, anasikia. Nikamwambia hata wewe karibu, Yusto, ila kipara kisiwatishe vifaranga.

Magesa Mkubwa anaendelea vizuri. Wote wanaendelea vizuri. Kila saa nawasalimianisha wao kwa wao, Ghati anasema nimekuwa kama mwenyekiti wa mtaa.

Jumatatu, 16 Juni

Asubuhi Jenipher amepiga toka Bunda. Ghati kapokea, nimesimama pembeni. Taarifa imekuja kwa mpigo mmoja kama kawaida. Jenipher anasema vifaranga wakikua kidogo watapunguziwa joto. Anasema Baba kafanya kazi nzuri. Anasema watano wanatosha, asiongeze mwingine hata mmoja, mashine ni ya zamani. Anasema asiifunike blanketi. Anasema avute kiko nje.

Nimekaa kuyachambua. Kazi nzuri: Jenipher, wazi kabisa. Kiko: Ghati. Blanketi: Ghati, blanketi lenyewe ni lake. Asiongeze mwingine: hapo nilifikiri kidogo. Lakini mwalimu mzima wa kompyuta, aliyeona kwa masikio yake watano wakizungumza, anaweza kunizuia nisizae? Haiwezekani. Hilo ni la Ghati. Anaogopa nikizidi kufanikiwa atakikosa chumba moja kwa moja.

Na hesabu inajieleza. Kama watano wanapasha joto vifaranga mia, kumi watapasha mia mbili. Yusto ana mkewe, mkewe anapenda kuku. Nitapangisha joto!

Nimetoa kopi tano nyingine. Kubadilisha majina kunachosha, hawa wataelewana tu, wote ni Magesa. Memori imebaki vile vitatu vya mama, nimevigawa. Mama ameshakula vya kutosha toka Jumamosi. Blanketi nimeliweka, limekaa vizuri.

Nafungua wa sita. Feni imeitika. Wa saba na wa nane nimewafungua pamoja. Vifaranga wamesogea wote nyuma, wamefumba macho, raha tupu. Wa tisa. Wa kumi.

Kioo kimetulia.

Ghati anaita toka jikoni, anauliza kuna nini, mbona kunanukia sufu ya kuungua. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Inafikiri.